Goli la Mabomba na Kreni Nyekundu

Adeer Bashir,

Nimekaa juu ya ile ndoo ya rangi uliyokuwa ukikalia, chini ya mwarobaini, na waliokwenda kuswali alasiri ndio wanarudi. Sijawahi kuikalia tangu ulipoondoka. Imepasuka upande mmoja, inanifinya kila nikijigeuza, na sasa naelewa kwa nini ulikuwa mkali kila asubuhi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine baina yetu. Kisomali changu kiliishia kwenye salamu na chakula. Kikamba chako kiliishia kwenye matusi mawili niliyokufundisha mimi mwenyewe, nikakudanganya kuwa ni maneno ya shukrani. Ukamwambia mama mmoja wa Mwingi aliyekuletea asali, nusura akupige na chombo chake. Ulininunia siku nzima, kisha nikakusikia ukicheka peke yako chini ya gari. Natamani ningekuwa na kosa hilo tu la kukuomba radhi.

Lakini lipo lingine, na unalijua. Nimelibeba miezi hii yote, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Siku tuliyokuzika nilifika mchana. Waliponipigia simu alfajiri nilikuwa kwetu Mwingi, nikapanda gari la kwanza, nikakuta umeshaoshwa na kuvishwa sanda. Nilisimama nyuma ya watu wote, mimi Mkristo peke yangu, viatu nimevishika mkononi sijui hata kwa nini. Sheikh aliuliza kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe papo hapo. Watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamekusamehe, hata yule mwenye pikapu uliyemrudishia giaboksi na bolti moja ikabaki mfukoni mwako. Nikangoja swali la pili. Nilidhani litakuja: ni nani aliyemkosea marehemu? Halikuja. Watu wakaanza kutupa mchanga, na mimi nikatupa wangu, neno langu sijalisema.

Ngoja nianzie mwanzo, maana ulikuwa humpendi fundi anayeanzia kazi katikati.

Nilikuja Garissa nikiwa dereva wa lori la ndengu. Injini iligonga kabla sijafika darajani, wakanivuta mpaka hapa uani kwako, nyuma ya nyumba. Nilikaa wiki tatu nikingoja kipuri, na mtu hawezi kukaa wiki tatu akimtazama mwenzake anafanya kazi, kwa hiyo nikaanza kukushikia spana. Lori lilipopona lilirudi na dereva mwingine. Mimi nikabaki miaka kumi na minne. Siku ya kwanza uliniita adeer, nikashangaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa kwamba adeer ni wewe, ami, baba mdogo. Ndipo mke wako Khadija, niliyeambiwa nimwite Eddo, yaani shangazi, akanieleza kwamba kwenu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile analoitwa yeye. Nikaona ni jambo zuri, watu wawili kuitana jina moja. Sijapata jina zuri kuliko hilo mpaka leo.

Kitu cha kwanza nilichokiona hapa uani ni goli. Ndivyo wateja walivyoliita, goli la Adeer: mabomba mawili ya kisima yamesimikwa ardhini, chuma kizito kimelazwa juu yake, na katikati inaning'inia winchi ya mnyororo. Unavuta mnyororo mwembamba kwa mikono, meno ya ndani yanalia tak, tak, tak, na kwa kila mvuto mnyororo mnene wenye kulabu unapanda upana wa kidole tu. Kutoa injini ya lori ilikuwa kazi ya saa nzima, mabega yanawaka moto. Lakini ukiachia mkono injini inabaki pale pale, haishuki hata unywele, uende ukale, ulale, urudi. Ulisema winchi ile uliipata kwa wachimba visima waliokuwa wakihama, kabla Eddo hajakubali kuolewa nawe, na ulipenda kudai kwamba ndiyo iliyomshawishi. Eddo alikuwa akisema kilichomshawishi ni baba yake.

Na kabla ya kuinua chochote ulikuwa na desturi yako. Ulivua kiatu cha kulia, ukaburuta kisigino mchangani kulizunguka gari lote, ukasema Bismillahi, na kuanzia hapo hakuna mtu kuvuka mstari mpaka injini iguse chini. Si mteja, si mimi, si yule ofisa mkubwa aliyekuja na walinzi wake. Nilikuwepo ulipomkemea: "Simama nje ya laini! Injini hajui wewe ni mkubwa." Nilicheka mpaka nikadondosha spana. Yeye alirudi nyuma hatua tatu, na walinzi wake pia.

"Bole bole, adeer," ulikuwa ukiniambia nikivuta mnyororo kwa pupa. "Injini si mbuzi ya Idi. Hakuna mtu nakimbiza wewe." Mpaka leo nikishika bolti ngumu nasikia hiyo bole bole yako, na sitaki mtu yeyote airekebishe.

Kilichotugombanisha ni mchanga. Goli halitembei, kwa hiyo gari ndilo lililopaswa kusukumwa mpaka chini yake, na mchanga wa uani kwako unakula magurudumu. Mimi nilikuwa nimeiona kreni mpya kwa fundi mmoja kule karibu na soko la mifugo. Nyekundu, miguu miwili mirefu mbele, magurudumu madogo sita, mkono unaonyanyuliwa na jeki ya mafuta. Unapiga pampu, injini inapanda kwa dakika chache, kisha unaisukuma kreni na injini yake mpaka mezani. Ukimaliza unaikunja, unaiegemeza ukutani. Nilikuletea habari zake kila wiki kama mtu anayeposa.

Nawe ulinijibu kila wiki jibu lile lile. "Mutinda, ngamia ndiyo nakuja kwa kisima. Wewe iliona wabi kisima natembea?" Nikikwambia inaokoa muda, unaniambia ile kitu ina mafuta ndani, mafuta yakivuja injini inashuka yenyewe, mnyororo hauna mafuta. Nikikwambia tumwage zege ili magurudumu yapite, unaniuliza saa saba mchana nitalala wapi, juu ya zege la moto? Mchanga ukiumwagia maji asubuhi unakuwa baridi mpaka adhuhuri, hilo kila fundi wa hapa analijua kwa mgongo wake. Ulikuwa na haki kwa yote, Adeer. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Kisha ikaja ile pikapu iliyokamatwa breki. Tulikuwa watu sita tukiisukuma, magurudumu hayazunguki, jua limetusimamia utosini, na mgongo wangu ukalia kitu ambacho mgongo haupaswi kulia. Nililala chini. Wewe ulisema tu, "Nyinyi sukuma, imebaki kidogo." Hapo ndipo nilipokwambia, mbele ya wateja, maneno ambayo sasa nayaandika kwa mara ya kwanza: wewe umezeeka pamoja na hiki chuma, na nyote wawili mnangoja kuanguka.

Ulinitazama. Ulichukua kitambaa ukafuta mikono, kidole kimoja kimoja, ukaingia ndani. Eddo alikuwa amesafiri mji wa Buna kwa binti yenu aliyejifungua, hapakuwa na mtu wa kutupatanisha. Nikafunga begi nikaenda kwetu, nikijiambia ni siku tatu tu. Zikawa wiki tatu. Kila asubuhi nilishika simu nikaiweka chini, nikingoja wewe upige kwanza, kwa sababu wewe ndiye mkubwa, au kwa sababu mimi ndiye mjinga. Hasira hasara, ndivyo wanavyosema. Hawakwambii ni hasara ya kiasi gani.

Halafu simu ikalia, na haikuwa wewe. Ilikuwa jirani. Alisema umeanguka. Alitumia neno langu lile lile bila kujua: Mzee ameanguka uani, karibu na goli, na jerikeni ya maji mkononi. Watu walisema ulikuwa unakwenda kutawadha. Daktari alisema ni presha. Mimi nilisikia sauti yangu tu.

Baada ya maziko niliingia hapa uani. Mchanga chini ya goli ulikuwa umelowa, umetandazwa vizuri, na jerikeni nne tupu zimepangwa kando. Nikadhani majirani wamemwaga maji ili vumbi lisiwasumbue waliokuja kutoa pole. Sikuuliza. Nani anauliza habari za mchanga siku kama ile?

Sasa nikupe habari za nyumbani.

Eddo yuko salama. Alimaliza eda yake. Bado anapika chupa mbili za chai, yako na yangu, na zote mbili ananipa mimi, nami nazinywa zote kwa sababu sina moyo wa kumwambia. Nilipotaka kuaga nirudi Mwingi kabisa, aliniambia, "Wewe fungua geti. Nyumba bila kelele ya nyundo mimi siwezi." Basi nikafungua geti. Watu wa tuktuk wanakuja kama kawaida na kelele zao. Wateja wa mbali bado wanauliza Fundi Bashir yuko wapi, na kila mara namwachia Eddo ajibu, kwa sababu yeye anaweza kusema "amerudi kwa Mola wake" bila sauti kutetemeka.

Goli sikuligusa. Nilikuwa nikipita pembeni yake kama unavyompita njiani mtu mliyekosana naye. Mara moja tu niliegesha gari karibu na bomba moja nikaweka jeki, na jeki haikuzama. Nikajiambia mchanga umeshindiliwa na miaka ya magari, nikaendelea na kazi.

Kisha nikanunua kreni. Ndiyo. Nyekundu, ile ile. Ilikuja kutoka Nairobi juu ya basi, imefungwa kamba kama mbuzi, na vijana wa stendi wakanisaidia kuishusha. Nipe nafasi niitendee haki, maana najua ungetaka kusikia, hata ungejifanya uko bize na redio. Injini ya kwanza ilitoka kabla chai haijapoa. Sikuhitaji watu sita wala wawili. Mgongo wangu ulikaa kimya. Niliizunguka kreni nikaipigapiga bega, nikasema kwa sauti, unaona, Adeer? Halafu nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nikibishana na maiti, na nilikuwa nikifurahi kushinda.

Ushindi wenyewe haukudumu. Jioni moja niliiacha injini inaning'inia, nikangoja gasketi hadi kesho yake. Asubuhi nikaikuta imeshuka shubiri nzima, peke yake, taratibu, bila kumwambia mtu. Mafuta, kama ulivyosema. Tena ule mkono wake una matundu manne. Ukiuacha mfupi una nguvu za ng'ombe, ukiurefusha mpaka tundu la mwisho unafika mbali lakini nguvu inapungua mpaka robo. Goli lako halikuwa na mambo hayo. Lilivuta juu tu, basi.

Na magurudumu. Niliweka kreni karibu na geti, mbali na goli, na chini yake nikatandika mbao. Ilifanya kazi wiki kadhaa. Kisha akaja mwenye pikapu yenye pua ndefu, nikarefusha mkono mpaka tundu la mwisho. Nilijua si sawa. Nilijiambia ni injini ndogo.

Nilichora mstari, Adeer. Nilivua kiatu cha kulia nikaburuta kisigino, na niliona haya kidogo kwa sababu mwenye gari alikuwa akinirekodi na simu yake. Bismillahi yako niliisema pia, ingawa si yangu. Nikapiga pampu. Injini ikapanda, ikatoka, ikawa hewani. Hapo Eddo akatoka jikoni na chupa ya chai. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu. Akafika mstarini akasimama, kwa mazoea tu, hakuna aliyemwambia. Mguu mmoja wa kreni ukateleza kwenye ubao, gurudumu likazama mchangani, kreni yote ikainama, na injini ikayumba ikapita pale ambapo angekuwa amefika kama angeongeza hatua mbili. Ikaanguka kwa mshindo ambao majirani waliusikia.

Eddo hakupiga kelele. Alisema "Allah," akakaa chini mchangani, chupa ameikumbatia. Mimi nilimwendea na mguu mmoja mtupu, nikakaa kando yake. Uliniokolea mke wako, Adeer, ukiwa kaburini, kwa kisigino. Na mimi ndiye niliyekwambia unangoja kuanguka.

Baada ya siku ile nilijua mambo mawili. Kreni haiwezi kufanya kazi mchangani, na mimi siwezi tena kusukuma magari, mgongo umekataa kabisa. Lazima zege. Na hapa uani pa kumwaga zege ni mahali pamoja tu, penye nafasi na kivuli cha mwarobaini, na katikati yake limesimama goli lako. Nilimwambia Eddo nataka kuling'oa. Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Hiyo chuma ni ya wewe na yeye," akasema. "Mimi nitasema nini? Uliza yeye."

Nikuulize vipi? Nilikutusi kwa sababu ya goli lile, nikaondoka, ukafa. Niling'oe sasa, bila radhi yako, niliweke kando kama vyuma chakavu? Wiki nzima nilikuwa nachukua jembe na kulirudisha. Mchana nilikuwa natafuta kazi nyingine za kufanya. Nilisafisha hata zile spana zenye kutu ambazo wewe mwenyewe ulizikatia tamaa.

Jumatatu hii nikaanza. Nilianzia kwenye bomba la kushoto, nikijua nitachimba mpaka shingoni, kwa maana uliwahi kuniambia mabomba yale yameingia ardhini urefu wa mtu. Jembe la kwanza, mchanga. La pili, mchanga. La tatu likagonga na kunirukia mkononi. Nikadhani ni jiwe. Nikasogea hatua, likagonga tena. Nikapiga magoti nikafagia kwa mikono.

Zege, Adeer.

Nilifagia kama mwendawazimu. Nilimwita Eddo akaja na ufagio wa uani. Tulifagia mpaka jasho likatuingia machoni, na zege likaendelea, kutoka chini ya goli mpaka hatua chache tu kabla ya zile mbao zangu za getini, laini, halina ufa hata mmoja. Hapo ndipo nilipokumbuka mchanga uliolowa. Zege la hapa usipolifunika kwa mchanga na kulimwagia maji asubuhi na jioni, jua linalipasua kabla halijakomaa, hilo pia wewe ndiye uliyenifundisha. Jerikeni mkononi mwako haikuwa ya kutawadha. Ulikuwa unanyweshea sakafu ya kreni yangu.

Bado sikuamini. Nikarudi kwenye bomba la kushoto. Halikuwa limezama ardhini tena. Lilikuwa limekatwa, limechomelewa sahani ya chuma, na sahani imekaa juu ya zege kwa bolti nne. Juu ya kila bolti ulikuwa umefunga kipande cha nailoni kwa uzi. Nikafungua kimoja. Ndani, nati ilikuwa imepakwa grisi nene, safi, ya manjano. Bomba la kulia vile vile.

Nililia mbele ya Eddo, nikiwa nimepiga magoti, na sikujali.

Eddo alisimama na ufagio wake akashika kichwa. "Kumbe!" akasema. "Alinibigia simu Buna, nauliza mimi mfuko ya simiti natosha hatua ngabi. Mimi nikadhani ni ya choo." Akafikiri kidogo. "Nikamwambia, Mutinda hayuko, ngoja yeye. Akasema, yule Mkamba atarudi, na akirudi mimi sitaki kuongea mingi. Wacha aone zege."

Alikuwa amelisahau hilo, na mimi simlaumu. Mambo mengi yalisahaulika siku zile. Dubow, yule fundi wa kuchomelea aliye mkabala na geti letu, alirudi jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo, alikopata kazi ya matangi ya maji wiki ile ile uliyofariki. Yeye alikuwa anadhani najua. Alinieleza mlivyolikata goli bomba moja moja, mkilitegemeza kwa magogo, na ulivyomsumbua kwa sababu ya zile bolti. Yeye alitaka kuchomelea moja kwa moja, ziwe imara, zisitoke milele. Ulikataa. Ulimwambia, "Weka bolti, na grisi mingi. Siku ile yeye nataka kufungua, isimsumbue."

Nimekaa na maneno hayo tangu jana.

Ungeniambia kwa simu, Adeer. Ungepiga tu ukasema rudi. Lakini najua, na mimi ningepiga pia, na sikupiga. Wewe angalau mikono yako ilikuwa kazini.

Leo asubuhi nilifungua. Nilileta spana kubwa na bomba la kuchomeka kwenye mpini wake, la kuongezea nguvu, kwa sababu bolti zilizokaa mchangani miezi huwa hazitoki bila vita. Dubow alishika upande mmoja, vibarua wanne upande wa pili. Goli halijaenda kwenye vyuma chakavu, usinitazame hivyo. Litasimama kule nyuma karibu na ukuta, nimeshamwaga misingi miwili na Dubow ataweka sahani. Kreni itatoa injini kwenye gari na kuzipeleka huko, mnyororo utazishika zile zinazongoja vipuri, maana zinangoja muda mrefu na mafuta yanachoka. Nyote wawili mmekuwa na haki, wewe na kreni. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mdomo.

Zege halikubali kisigino. Nimejaribu, nikajichubua. Sasa nachora mstari kwa kipande cha mkaa, na Eddo ameshaanza kunikemea ninapouchora mwembamba. Sehemu ya kulala chini ya magari nimeiacha mchanga, nitaimwagia maji kila asubuhi.

Sheikh hakuuliza lile swali, basi najiuliza mwenyewe hapa juu ya ndoo yako: ni nani aliyemkosea marehemu? Ni mimi. Nisamehe neno lile, Adeer. Hukungoja kuanguka. Ulikuwa umesimama ukinitengenezea njia, na mimi nilikuwa kwetu nimenuna.

Nakuahidi hivi. Hakuna mtu atakayesimama chini ya kitu kinachoning'inia maadamu mimi nafungua geti hili. Eddo hatapika chai ya kumwaga, chupa zote mbili nitazinywa. Na siku atakapokuja mtu kuniambia kwamba kreni yangu nyekundu imepitwa na wakati, na mimi nimepitwa nayo, nitakasirika kama ulivyokasirika, nitafuta mikono kidole kimoja kimoja, kisha nitatafuta grisi.

Pumzika, Adeer. Ijumaa nitapita makaburini na Eddo, nitasimama pale pale nyuma, viatu mkononi.

Lile bomba la kuongezea nguvu sikulihitaji. Bolti nane zote, spana iliziamsha tu, halafu zikafunguka kwa mkono.

Ni mimi, adeer wako,
Mutinda